Kitanda Kwanza, Cheti Baadaye

Mwezi Novemba 1997, majengo yaliyokuwa chuo cha maofisa wa jeshi katikati ya Kigali yalianza kupokea wanafunzi wa uhandisi. Taasisi mpya ya sayansi na teknolojia, ambayo mji mzima uliiita KIST, ilikabidhiwa kwa Silas Lwakabamba, mhandisi aliyezaliwa Tanzania na kufundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waliofika kujiandikisha walitoka katika maisha yasiyofanana. Walikuwepo waliokulia uhamishoni Uganda, Tanzania na Kenya, wakasomeshwa kwa Kiingereza. Walikuwepo waliorudi kutoka Burundi na Zaire, ambayo mwaka huohuo ilibadilishwa jina na kuitwa tena Kongo. Hao Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha yao ya darasani. Na walikuwepo waliokuwa nchini wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, baadhi yao wakiwa wamesalia peke yao katika ukoo mzima.

Kabla mhadhiri hajaandika mlinganyo wa kwanza ubaoni, palikuwa na maswali ambayo hayamo katika mtaala wowote. Huyu atalala wapi? Atakula nini, na ada yake italipwa na nani? Mhadhiri akifundisha kwa lugha asiyoijua, atafanyaje? Likizo ikifika na mabweni yakafungwa, atakwenda kwa nani?

Mageuzi ya elimu ya juu huandikiwa historia kwa kufuata sheria, majina ya mawaziri na maazimio ya mikutano. Nimekuja kuamini kwamba historia ya vyuo vya Kigali haieleweki kwa njia hiyo peke yake. Inabidi kupitia ofisi ambayo wageni rasmi hawapelekwi kuiona: ile ya mshauri wa wanafunzi, yenye foleni mlangoni, faili za vyumba, orodha za buruse na watu wanaohitaji kusikilizwa. Huko ndiko mageuzi yalikopata miguu ya kutembelea, au yalikokwama.

Mizizi iko Butare, si Kigali. Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilifunguliwa tarehe 3 Novemba 1963 kwa makubaliano kati ya serikali na watawa wa shirika la Wadominiko wa Quebec, Kanada. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Padre Georges-Henri Lévesque. Kilianza na wanafunzi wapatao 50 na wahadhiri 16. Miezi michache kabla yake, Juni 1963, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimezinduliwa kikiunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Rwanda haikuwamo. Ilielekeza macho Ubelgiji, Ufaransa na Kanada, ikafundisha kwa Kifaransa na kutoa shahada za mtindo wa huko. Kwa nusu karne mipaka ya elimu ya juu katika ukanda wetu ilifuata lugha za wakoloni kuliko barabara ambazo watu wenyewe walizipita.

Wanafunzi hamsini wanaweza kujulikana kwa majina. Lakini kumjua mwanafunzi kunaweza kutumika kwa wema au kwa ubaya, na hapa pana jambo ambalo msomaji asilipite haraka. Februari 1973, orodha za majina ya wanafunzi wa Kitutsi zilibandikwa kwenye mbao za matangazo chuoni Butare, wakaamriwa kuondoka. Wengi wao walivuka mpaka. Jalada la mwanafunzi, linalotunzwa ili apate chumba na chakula, lilikuwa na nafasi ya kabila, na nafasi hiyo ikageuzwa silaha. Kisha ikaja miaka ya kugawa nafasi za masomo kwa uwiano wa kabila na eneo. Serikali imekuwa ikitaja mara kwa mara kwamba katika miaka thelathini ya kwanza nchi nzima ilipata wahitimu wa chuo kikuu wapatao 2,000 tu. Idadi hiyo ndogo ina sababu nyingi. Mojawapo ni kwamba mlango wa chuo ulikuwa na mlinzi aliyeuliza babu yako ni nani.

Mwaka 1994 chuo kilipoteza wahadhiri, wafanyakazi na wanafunzi wengi. Wengine waliuawa palepale Butare, wengine walikuwa miongoni mwa wauaji. Kilifunguliwa tena Aprili 1995. Kabila likaondolewa kwenye vitambulisho na kwenye majalada. Hilo lilikuwa badiliko la kwanza la kweli la elimu ya juu ya Rwanda mpya, na lilifanyika kwenye fomu ya usajili, miaka mingi kabla ya mtaala kuguswa.

Tarehe 20 Oktoba 1996, wanafunzi 12 walionusurika walianzisha AERG, chama cha wanafunzi manusura wa mauaji ya kimbari. Walichobuni kinastahili nafasi katika kitabu chochote kuhusu huduma za wanafunzi duniani. Waliunda familia. Kikundi cha wanafunzi kilichagua mmoja wao kuwa baba na mwingine kuwa mama, mara nyingi vijana wa umri mmoja na hao watoto wao. Baba na mama walifuatilia nani hajala, nani ameshindwa mtihani, nani amejifungia chumbani wiki ya kumbukumbu ya Aprili. Siku ya mahafali walisimama mahali ambapo wazazi husimama. Kijana akitaka kuoa, wao ndio waliokwenda kuzungumza na upande wa bibi harusi. Chama kilisambaa katika vyuo na shule za sekondari nchini, Kigali ikiwemo, na mwaka 2003 wahitimu wake wakaunda chama chao, GAERG, ili familia zisivunjike watu wanapoanza kazi.

Vyuo havikuwa na washauri wa saikolojia wa kutosha kwa msiba wa ukubwa ule; nchi yenyewe haikuwa nao. Wanafunzi walijaza pengo, na ofisi za ustawi wa wanafunzi zikajifunza kutoka kwao. Upande wa fedha, sheria ya Januari 1998 ilianzisha mfuko wa kusaidia manusura wenye shida, FARG, uliolipia ada za shule na vyuo kwa kutumia sehemu maalumu ya bajeti ya taifa. Waliodahiliwa vyuo vya serikali walipitia kwanza kambi za ingando, wakaishi pamoja na kujadili historia ya nchi. Kambi hizo zina wakosoaji wake, wanaosema zilifundisha utiifu pamoja na umoja. Hata hivyo, mtoto wa mfungwa na mtoto wa aliyeuawa walikuwa wanakwenda kugawana chumba kimoja cha bweni, na mtu fulani alipaswa kuwaandaa kwa usiku wa kwanza.

Wakati huohuo vyuo viliota kila upande wa mji. Taasisi ya afya, KHI, ilianza 1996. Mwaka huohuo Rwigamba Balinda alianzisha Chuo Kikuu Huru cha Kigali, ULK, kikawapa wafanyakazi nafasi ya kusoma jioni baada ya kazi. Taasisi ya ualimu, KIE, ilifunguliwa Remera 1999. Mwanzoni mwa karne mpya chuo cha fedha na benki, SFB, kilikuwa kileleni Mburabuturo, Gikondo. Lugha ilibaki tatizo la kila siku. Butare kulikuwa na shule maalumu ya lugha ambamo wanafunzi walijifunza ile lugha wasiyoijua kati ya Kifaransa na Kiingereza, kisha wakatakiwa kufuata mihadhara kwa lugha yoyote ambayo mhadhiri aliimudu. Hakuna mkutano wa mawaziri uliowahi kuandaa kitu cha namna hiyo: nchi iliyotoka kaburini ikitaka kila msomi wake aweze kusikiliza kwa lugha mbili za kigeni.

Huko Ulaya nako kulikuwa na mageuzi. Mei 1998 mawaziri wa Ufaransa, Ujerumani, Italia na Uingereza walikutana Sorbonne, Paris. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Juni 1999, nchi 29 zilitia saini tamko la Bologna. Zilitaka shahada za ngazi zinazofanana, krediti zinazohesabika kutoka chuo hadi chuo, na mwanafunzi anayeweza kuanza Lisbon akamalizia Krakow. Tamko lilikuwa fupi, na kuhusu maisha ya mwanafunzi huyo anayesafiri halikusema mengi. Lakini Ulaya ilikuwa na urithi wa kuanzia. Ujerumani ilikuwa na mashirika ya huduma za wanafunzi, Studentenwerke, ambayo muungano wake una mizizi ya 1921, wakati wanafunzi wa baada ya vita walipokuwa wakishinda njaa. Ufaransa iliunda ofisi za CROUS mwaka 1955, zikaendesha mabweni, mikahawa na buruse. Mwaka huohuo wa Bologna, 1999, mashirika ya namna hiyo yaliunda baraza lao la Ulaya. Mawaziri walipokutana tena Prague mwaka 2001, kwa msukumo wa vyama vya wanafunzi, walikubali kuandika kwamba mageuzi yana upande wa kijamii na kwamba wanafunzi ni wanajumuiya kamili wa chuo. Ilichukua miaka miwili kwa Ulaya yenye amani na mabweni kuliandika jambo ambalo Kigali ilikuwa imelipata katika majivu.

Hata baada ya kuandikwa, halikutekelezwa kirahisi. Oktoba 2009 wanafunzi wa Vienna waliukalia ukumbi mkuu wa chuo chao, na wenzao wa Ujerumani wakagoma, wakilalamika kwamba shahada zimebanwa katika miaka mitatu, mitihani imezidi, na anayefanya kazi ili ajilipie chumba hapati nafasi ya kupumua. Mawaziri walipokutana Budapest na Vienna Machi 2010 kuzindua rasmi Eneo la Elimu ya Juu la Ulaya, hawakuweza kujifanya hawasikii.

Mfumo huo wa Bologna ulifika kwetu kwa njia mbili. Nchi zinazotumia Kifaransa ziliuchukua ulivyo, kwa ngazi tatu za shahada; Burundi iliutungia sheria mwaka 2011, na Kongo ikaanza kuueneza katika mwaka wa masomo wa 2021–2022. Upande wa Afrika Mashariki ulipitia Kampala, makao ya Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lililozaliwa 1980 juu ya magofu ya kile chuo kikuu cha pamoja kilichovunjwa 1970. Kuanzia 2006 baraza hilo lilishirikiana na DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma, na umoja wa wakuu wa vyuo wa nchi hiyo, wakafundisha maofisa wa ubora wa vyuo vyetu na kutunga kitabu cha mwongozo. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na vyuo vya Kigali vikaingia katika ushirikiano huo.

Mwaka huohuo nchi ilitoa mfumo wake wa taifa wa tuzo za elimu ya juu. Kozi zikakatwa kuwa moduli, moduli zikahesabiwa kwa krediti. Krediti moja ilipimwa kwa saa kumi za kazi ya mwanafunzi, mwaka mmoja ukawa na krediti 120, na shahada ya kwanza ya heshima ikafikia 480. Kwa mara ya kwanza hesabu ilianza upande wa mwanafunzi: saa anazosikiliza, anazosoma peke yake, anazofanya mazoezi. Ni wazo zuri, na nasema hivyo bila kusita. Lakini saa za kujisomea zinamhitaji mtu mwenye meza, taa na tumbo lenye chakula. Mwanafunzi aliyepanga chumba cha udongo mbali na chuo na kutembea kwa miguu asubuhi na jioni alikuwa na krediti zilezile 120 kwa mwaka.

Oktoba 2008 baraza la mawaziri liliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mfumo wa lugha mbili, pamoja na shule zake za lugha na uvumilivu wake wote, ukawekwa kando. Waliosoma sekondari kwa Kifaransa walikuta moduli mpya, krediti mpya na lugha mpya kwa pamoja. Haya yote yalipangwa katika ofisi za mitaala, lakini aliyekosa kuelewa hakwenda huko. Alikwenda kwa mshauri wa wanafunzi, kwa kiongozi wa serikali ya wanafunzi, au kwa baba na mama yake wa AERG.

Kisha ikaja fedha. Kwa muda mrefu mwanafunzi wa chuo cha umma mwenye buruse alipata faranga 25,000 kwa mwezi za kujikimu. Mwaka 2011 serikali iliziondoa kwa wengi na kuzibakiza kwa maskini zaidi, na makundi ya ubudehe, yaliyopangwa na wanakijiji wenyewe kwa kutazama hali ya kila kaya, yakaanza kuamua nani asaidiwe chuoni. Mwaka 2013 makundi hayo yakatumika kwa ada pia. Kwenye karatasi ilikuwa haki: mwenye nacho alipe, asiye nacho asaidiwe. Lakini ubudehe haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Kaya yenye ng'ombe mmoja na watoto sita ilionekana ina uwezo, na mwanafunzi aliyewekwa kundi lisilo lake alilazimika kurudi kijijini kukata rufaa wakati masomo yanaendelea. Malalamiko yakawa mengi kiasi kwamba makundi sita yakapunguzwa kuwa manne, na kuanzia 2015 mikopo ikahamishiwa Benki ya Maendeleo ya Rwanda, BRD. Benki inajua kukopesha na kudai. Kumjua mwanafunzi aliyeacha kula mchana ili ada itoshe si kazi yake, na wala haikuambiwa iwe kazi yake.

Katikati ya misukosuko hiyo ndipo lilipokuja badiliko kubwa kuliko yote. Sheria ya Septemba 2013 iliunganisha taasisi saba za umma, zikiwemo Butare, KIST, KIE, KHI na SFB, kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Rwanda chenye vyuo vikuu vishiriki sita na makao makuu Kigali. Uongozi ulikabidhiwa kwa James McWha, aliyekuwa amekiongoza Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia. Nchi yenye wanafunzi zaidi ya 84,000 wa elimu ya juu, wa umma na binafsi, ilitaka chuo kimoja chenye jina na uzito, kozi zisizojirudia, wahadhiri wasiotawanyika. Hoja hizo zilikuwa na nguvu na bado zinazo.

Ila kuunganisha kulimaanisha pia kuhamisha. Masomo yalisogezwa kutoka kampasi moja kwenda nyingine. Chuo cha ualimu kikatoka Remera, jijini, kwenda Rukara wilayani Kayonza. Kwenye ramani ya chuo huo ni mshale mmoja. Kwa mwanafunzi ni kupoteza kibarua cha jioni kilichomlipia chumba, shangazi aliyekuwa akimpa chakula cha Jumapili, kliniki aliyozoea kuchukua dawa. Taasisi saba zilikuwa na desturi saba za kugawa vyumba, za kusikiliza mashauri, za kuchagua viongozi wa wanafunzi. Desturi hizo ziliunganishwa kwa waraka, na maofisa wa ustawi wakabaki na kazi ya kuufanya waraka uishi.

Hapo ndipo naona kosa la Kigali. Mji ulioanza na kitanda, ukajua mapema kuliko Bologna kwamba mtu hafundishiki kabla hajapokewa, ilipofika zamu ya karatasi uliweka ubora wa moduli mbele na kuyaacha maisha ya mwanafunzi yafuate nyuma kadiri bajeti itakavyoruhusu. Wakaguzi wa ubora walihesabu wahadhiri wenye shahada ya uzamivu na vitabu vya maktaba. Ni nani aliyeulizwa mshauri mmoja wa wanafunzi anahudumia wangapi?

Tarehe 20 Mei 2017, wakuu wa nchi za Jumuiya waliokutana Dar es Salaam walitangaza Afrika Mashariki kuwa Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu. Ulaya ilikuwa imetumia zaidi ya miaka kumi kati ya tamko la Bologna na uzinduzi wa eneo lake. Katibu Mtendaji wa baraza la Kampala wakati huo alikuwa Mnyarwanda, Alexandre Lyambabaje, mwanahisabati, na mwaka 2021 akarudi nyumbani kukiongoza Chuo Kikuu cha Rwanda. Mwaka uleule wa 2017 bunge la Rwanda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Kijana wa Kigoma au Bujumbura anayekuja kusoma Nyarugenge, Kigali, anakuta sasa lugha yake ina hadhi kisheria, ingawa darasani bado atafundishwa kwa Kiingereza.

Mambo mengi ya eneo hilo la pamoja yameandikwa. Mfumo wa tuzo wa Afrika Mashariki upo tangu 2015. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mwanafunzi wa nchi mwanachama pasi ya mwanafunzi bila malipo. Krediti zinaweza kuhesabiwa kutoka Makerere hadi Gikondo. Kinachokosekana ni mtu wa kumpokea: ofisi katika kila chuo inayojua kwamba mgeni anafika Jumatatu, yenye chumba chake, yenye jibu kuhusu bima ya afya, yenye mtu anayeweza kumsikiliza kwa Kiswahili au Kifaransa wiki ile ya kwanza anapotaka kurudi kwao. Ulaya ilizipa huduma hizo baraza na sauti mwaka uleule ilipotia saini tamko. Afrika Mashariki ina mikutano ya wakuu wa vyuo na ya maofisa wa ubora. Wenye baraza la Kampala, na ninyi mnaokaa katika mabodi ya vyuo vya Kigali, waiteni washauri wa wanafunzi mezani kabla ya mwongozo unaofuata kuchapishwa, na muwape fungu lao la bajeti. Waiteni pia wale baba na mama wa AERG. Wengi wao sasa wana watoto wa kuzaa wenyewe wanaokaribia umri wa kuingia chuo.